Maswali ya Wasomaji: Kiwanja, Kodi ya Pango na Paa la Mtu wa Kawaida

Barua za mwezi huu zimetoka Arusha na Moshi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu wa kipato cha kawaida apate wapi mahali pa kulala pasipomtoa roho? Tumechagua saba. Nyingine tumezifupisha, na majina tumeyaacha kwa ombi la wenyewe.

Nilinunua kiwanja Murriet, hatua 20 kwa 20, kwa karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Sasa tunaambiwa urasimishaji (kupangwa na kupimwa kwa makazi yaliyojengwa bila mpango) unakuja na barabara itakula sehemu ya kiwanja changu. Nitalipwa? Na ile karatasi ina nguvu gani?
*Mama wa watoto wawili, Murriet, Arusha*

Mama, karatasi yako ina kazi, ila si hati ya kumiliki ardhi. Inaonyesha kwamba wewe na muuzaji mlikubaliana mbele ya mashahidi. Haionyeshi kwamba eneo lile lipo kwenye mchoro wa mipangomiji, wala kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza. Kwa hiyo itazame upya leo, kabla wapimaji hawajafika. Je, mke au mume wa muuzaji alisaini? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na kesi nyingi za viwanja huanzia hapo. Je, majirani wa pande zote nne walisaini? Kama bado, wafuate sasa wangali hai na wangali majirani. Ukichelewa, utakuja kushindana na warithi ambao hawakuwepo siku ya mauziano.

Hilo la hatua lina hatari yake. Hatua ya mtu mrefu inakaribia sentimita 90, ya mfupi ni kama 70. Hatua 20 kwa 20 za yule wa kwanza ni mita 18 kwa 18, yaani mita za mraba 324. Za wa pili ni mita 14 kwa 14, yaani 196. Kiwanja kimoja, karatasi moja, na tofauti ya mita za mraba 128. Nunua au azima futi kamba ya mita 30, pima pande zote nne pamoja na majirani, pima na kona kwa kona, kisha andikeni vipimo vya mita kwenye karatasi mpya na wote msaini. Mpimaji akija na chombo chake atakuta mmeshamaliza ugomvi.

Kuhusu barabara: katika urasimishaji, kwa kawaida hakuna fidia. Wakazi hukubaliana kila mmoja aachie kipande ili njia ipatikane, kwa hoja kwamba kiwanja kilichopimwa chenye njia kina thamani kuliko kikubwa kisichofikika. Hoja hiyo ni ya kweli kwa aliyepoteza mita mbili. Kwa aliyepoteza nusu ya kiwanja si kweli hata kidogo, naye ana haki ya kusema hivyo kwa sauti. Pa kusemea ni kwenye mkutano wa mtaa, rasimu ya mchoro inapobandikwa ukutani, kabla haijaidhinishwa. Omba barabara isogezwe au mzigo ugawanywe kwa pande zote mbili za njia. Mchoro ukishapita, kuubadilisha ni safari ndefu. Wengi huukosa mkutano ule kwa sababu siku hiyo wapo sokoni. Mtume hata kijana wako.

Kazi yenyewe hufuata mpangilio huu: mkutano na uchaguzi wa kamati ya wakazi, utambuzi wa kila kipande na mwenyewe, rasimu ya mchoro, idhini, kisha upimaji na kuwekwa kwa bikoni, ramani ya upimaji, na mwisho kila mtu kuomba hati yake. Kazi hukwama baada ya bikoni. Watu wakiona nguzo za zege ardhini hudhani wamemaliza, wanaacha kuchangia, na ramani haikamiliki. Bikoni si hati. Endeleeni kudai namba za viwanja na uthibitisho kwamba ramani imeidhinishwa.

Kwenye maombi ya hati peleka nakala ya kitambulisho cha taifa, picha za pasipoti, mauziano na barua ya mtaa. Malipo ya serikali hufanyika kwa kumbukumbu namba (control number), benki au kwenye simu. Anayetaka fedha mkononi, mwambie akupe kumbukumbu namba. Kama kiwanja mlikinunua pamoja na mwenzako, andikeni majina yote mawili. Chini ya Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 umiliki hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99, na kila mwaka utadaiwa kodi ya pango la ardhi. Ukiiacha ilimbikizane, unaihatarisha hati yenyewe.

Mambo mawili ya kukagua leo hii. Kwanza, je, upo ndani ya jiji au umevuka mpaka ukaingia ardhi ya kijiji? Huko hutawala sheria nyingine, Namba 5 ya mwaka huo huo, na mwenye kauli ni halmashauri ya kijiji. Pili, je, kuna mto karibu? Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kiwanja kilichobanana na Themi au Naura hakirasimishwi hata kama mtaa mzima umejenga, na anayekuuzia huku akisema "hapa maji hayafiki" anajua fika kwa nini bei ni ndogo.

Shikamooni. Mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, 60,000 kwa mwezi, na mwaka huu amepandisha bila kuniambia mapema. Mwezi uliopita nilichelewa siku nane akafunga kufuli nje. Ana haki hiyo?
*Fundi cherehani, Pasua, Moshi*

Marahaba. Tuanze na kufuli: hapana. Mpangaji akidaiwa, njia ya mwenye nyumba ni notisi ya maandishi, na akigomewa aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kuomba amri. Kufunga kufuli, kung'oa bati au kukata maji ili mtu ahame ni kujichukulia sheria mkononi. Ikitokea tena, piga picha, mwite balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa ashuhudie, na umwombe aandike alichokiona, pamoja na tarehe na saa. Usivunje kufuli mwenyewe, maana kesi itageuka kukuelemea wewe. Baraza la Kata unaweza kuanzia, lakini tangu mabadiliko ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Haliwezi tena kutoa hukumu katika mgogoro wa ardhi na nyumba.

Miezi sita ni habari nyingine. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiasi cha kodi na idadi ya miezi ni maelewano ya pande mbili. Sisi tunaamini hili ndilo pengo kubwa kuliko yote katika sera yetu ya makazi. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki anatakiwa kuwa na 360,000 mkononi kabla hajapata pa kulala, na asiyezipata hurudi kubanana kwa ndugu. Mpaka pengo hilo lizibwe, kinga yako ni mkataba wa maandishi.

Mkataba mzuri haujazi hata kurasa mbili. Uandike kodi ni kiasi gani na inalipwa lini. Kwamba haitapanda ndani ya muda wa mkataba, na ikipanda baadaye utaarifiwa siku ngapi kabla. Notisi ya kuhama kwa pande zote. Nani anatengeneza choo, paa na nyaya. Usomaji wa mita ya maji siku ya kuingia. Na hali ya kuta, pamoja na picha mlizopiga wote wawili. Pasipoandikwa muda wowote, Sheria ya Ardhi huuchukulia upangaji kuwa wa kipindi kwa kipindi, na notisi haipungui kipindi kimoja cha kulipia kodi: anayelipa kwa mwezi, mwezi mmoja. Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, kwani usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na faini. Muhuri wa mtaa hauchukui nafasi ya stempu.

Kuhusu kupunguza miezi, mpelekee hesabu badala ya malalamiko. Wenye nyumba wengi hutaka miezi sita kwa kuogopa kukimbiwa. Mwonyeshe stakabadhi zako za miaka iliyopita, uombe miezi mitatu mitatu ukilipa wiki moja kabla ya muda kwisha. Akikataa, weka 15,000 kila wiki kwenye kikoba: wiki 24 zinatimiza 360,000. Na kila ukilipa, dai stakabadhi. Ujumbe wa simu wa kutuma fedha unasaidia, ila hausemi fedha hiyo ni ya nini.

Nikinunua umeme nakatwa 1,500 kila mwezi kwa kodi ya jengo. Mimi ni mpangaji tu. Sawa?
*Msomaji, Kiboriloni, Moshi*

Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Tangu mwaka 2021 inakusanywa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla, na kwa nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Tunza ujumbe wa manunuzi, jumlisha, kisha mkubaliane na mwenye nyumba ikatwe kwenye pango; liandikwe kwenye mkataba. Kama nyumba moja ina mita tatu na zote zinakatwa, mwenye nyumba apeleke namba za mita TRA, mamlaka ya mapato, zirekebishwe.

Mimi ni mwalimu wa serikali. Nina hamu ya nyumba ya NHC (Shirika la Nyumba la Taifa) pale Safari City, au nikope milioni 40 nijenge. Benki inaniambia miaka 20 ndiyo nafuu. Mnasemaje?
*Mwalimu, Moshi*

Mwalimu, miaka 20 ni nafuu kwa mwezi, si kwa maisha. Chukua milioni 40 kwa riba ya asilimia 15. Kwa miaka 10 utalipa kama 645,000 kwa mwezi, jumla milioni 77. Kwa miaka 15, kama 560,000, jumla milioni 101. Kwa miaka 20, kama 527,000, jumla milioni 126. Angalia hapo: kutoka miaka 15 kwenda 20 unapunguziwa 33,000 tu kwa mwezi, nawe unaongeza milioni 25 na ushei. Sasa shusha riba badala ya kurefusha muda: milioni 40 hizo hizo, miaka 20, riba asilimia 10, ni 386,000 kwa mwezi. Ndiyo maana tunasema riba ndiyo inayoamua nani apate nyumba, na juhudi yoyote ya serikali isiyogusa riba itawafikia wachache. TMRC, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2010 kuzikopesha benki fedha za muda mrefu, imesaidia mikopo ya miaka 15 na 20 ipatikane, lakini bado riba ni mzigo.

Kabla hujasaini, kumbuka kanuni ya theluthi moja: makato hayatakiwi kukuachia chini ya theluthi ya mshahara wako wa msingi. Rejesho la 527,000 peke yake linataka mshahara wa angalau 790,000. Na kwa kuwa kodi ya mapato, mfuko wa pensheni na bima ya afya hukatwa humo humo, kiuhalisia uwe juu zaidi, tena usiwe na mkopo mwingine.

NHC ilianzishwa mwaka 1962, na mwaka 1990 ikakabidhiwa pia majengo yaliyokuwa chini ya Msajili wa Majumba. Leo inajenga kwa kukopa na kuuza, kwa hiyo bei zake lazima zirudishe mkopo. Mradi wa Safari City, eneo la Mateves nje kidogo ya Arusha, una ubora mmoja mkubwa: ardhi imepimwa na barabara zimechorwa kabla ya mtu wa kwanza kujenga. Uliza mambo haya kwa maandishi: bei inajumuisha kodi ya ongezeko la thamani au la, hati inatoka lini na kwa jina la nani, maji na umeme vimefika kwenye nyumba yenyewe au kwenye barabara kuu tu, na nauli ya kwenda kazini kila siku. Wewe unayefundisha Moshi, hilo la mwisho linaweza kumaliza hesabu yote. Kwa kuwa ni mtumishi wa umma, ulizia pia Watumishi Housing, ambayo iliundwa kwa ajili yenu.

Ukiamua kujenga, benki itataka kiwanja chenye hati, na kama una mwenzi, ridhaa yake ya maandishi. Kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo, hakiwekwi rehani kwa neno la mtu mmoja. Hata pale karatasi zinaporuhusu, kaa na wazee na ndugu kwanza, maana benki ikija kuuza, hakuna mnunuzi atakayelala salama kwenye migomba ile.

Nasikia California ni tajiri kuliko nchi nyingi, lakini watu wanalala kwenye mahema. Serikali za majimbo Marekani zinafanya nini, na kuna la kuiga?
*Mwanafunzi wa chuo, Arusha*

Ni kweli. Hesabu ya usiku mmoja wa Januari 2024 ilikuta watu zaidi ya 770,000 wasio na makazi Marekani nzima, na kama 187,000 kati yao walikuwa California. Usidhani majimbo yamekaa kimya. Yamejaribu mengi, na kila moja linafundisha kitu.

Mwaka 2020, wakati wa UVIKO, California ilianzisha mpango wa Homekey. Jimbo liliwapa miji na wilaya fedha wanunue hoteli na moteli zilizokosa wageni, wazigeuze makazi. Chumba kilichokuwa tayari na kitanda, bafu na mlango kilipata mtu kwa miezi michache, badala ya miaka ya kujenga upya. Miaka minne kabla yake, 2016, jimbo hilo lilikuwa limeamuru programu zake zifuate kanuni ya "nyumba kwanza": mtu apewe ufunguo bila kudaiwa kwanza aache pombe au apate kazi, kisha matibabu na ushauri vifuate. Kwa waliokaa mitaani miaka mingi, kanuni hii huwafanya wabaki ndani ya nyumba kuliko zile za masharti kwanza. Inapofeli ni pale ufunguo unapotolewa na huduma zisifuate.

Kwa upande wa wapangaji, mwaka 2019 Oregon lilikuwa jimbo la kwanza kuweka kikomo cha kupandisha kodi jimbo zima, na California ikafuata mwaka huo huo: asilimia 5 jumlisha mfumuko wa bei, isizidi 10 kwa mwaka. Majengo yasiyofikisha miaka 15 yaliachwa nje ili wajenzi wasikimbie. Massachusetts ina sheria ya tangu 1969. Mji ambao nyumba zake za bei nafuu hazifiki asilimia 10 hauwezi kumzuia kirahisi mjenzi anayetenga sehemu ya nyumba zake kwa wenye kipato kidogo. Akikataliwa, anakata rufaa ngazi ya jimbo.

Sasa kwa nini mahema bado yapo? Kwa sababu kule ardhi imepimwa tangu zamani, lakini kwa miongo mingi kanuni za miji zimezuia kujenga zaidi ya nyumba moja ya familia moja kwenye kiwanja. Nyumba zikawa chache, kodi ikapanda, na aliyeyumba kidogo akaangukia barabarani. Fleti moja ya bei nafuu California mara nyingi hugharimu zaidi ya dola 500,000 kuijenga, kwa hiyo fedha nyingi huzaa milango michache. Sheria mpya, kama ile iliyoanza 2022 ya kuruhusu nyumba mbili kwenye kiwanja cha moja, zinajaribu kufungua kamba hiyo.

Kwetu tatizo limekaa kinyume. Hakuna anayetuzuia kujenga vyumba sita uani. Tunajenga kwanza, na upimaji unatufuata nyuma ukihema. Kwa hiyo tusiige kila kitu. Vya kuchukua ni viwili. Kwanza, kikomo cha kupandisha kodi kinachoacha nje majengo mapya: kinamlinda fundi cherehani wa Pasua bila kumtisha anayetaka kujenga. Pili, kipimo chao cha "bei nafuu": nyumba isile zaidi ya asilimia 30 ya kipato. Kijaribu kwenye maeneo ya Ngarenaro au Unga Limited, Arusha. Anayepata 250,000 kwa mwezi, kikomo chake ni 75,000. Serikali ikitangaza nyumba za bei nafuu, mpigie mtu huyu hesabu hiyo kwanza ndipo uamini.

Nataka kupunguza gharama kwa tofali za udongo za kufungamana. Jirani alijenga nazo, zikamomonyoka mwaka wa pili. Kosa liko wapi?
*Baba wa familia, Olasiti, Arusha*

Mara nyingi kosa liko kwenye udongo usiopimwa, halafu kwenye maji ya mvua. Mashine za aina iliyoenezwa na NHBRA, wakala wa taifa wa utafiti wa nyumba na vifaa vya ujenzi, hutoa tofali la sentimita 30 kwa 15 kwa 10. Linatumia saruji kidogo, halichomwi kwa kuni, na kwa kuwa linafungamana linahitaji mchanganyiko kidogo sana wa kuunganishia. Ila udongo wa Arusha hubadilika ndani ya hatua mia. Ule mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi, usiuguse kabisa. Na udongo wa juu wenye mizizi ondoa sentimita 30 au zaidi.

Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa ndani sentimita 60, upana 4 na kina 4. Paka mafuta ndani. Chekecha udongo, uloweshe mpaka uwe kama ugali laini, jaza, gonga hewa itoke, lainisha juu. Anika juani siku tatu au kivulini siku saba. Utasinyaa na kupasuka. Visukume vipande vyote upande mmoja, kisha pima nafasi iliyobaki kwa rula. Ikiwa chini ya milimita 15, saruji ndoo 1 kwa udongo ndoo 18 inatosha. Kati ya 15 na 30, moja kwa 16. Kati ya 30 na 45, moja kwa 14. Kati ya 45 na 60, moja kwa 12. Ikizidi 60, mfinyanzi umezidi. Changanya na mchanga upime tena. Vipimo hivi ni vya mashine ya mkono. Fundi anayekwambia "sisi hutumia moja kwa ishirini kila mahali" bila kisanduku, mshukuru umwache aende zake.

Changanya kikavu kwanza mpaka rangi iwe moja, ndipo unyunyize maji. Fumbata donge mkononi, liachie lianguke kutoka usawa wa kiuno kwenye sakafu ngumu: likivunjika vipande vinne au vitano, maji yametosha, likitawanyika unga, ongeza, likibaki donge, umezidisha. Changanya kiasi utakachokifyatua ndani ya saa moja, kwani saruji haikusubiri. Hapa ndipo vijana huharibu kazi: wanachanganya mfuko mzima asubuhi, wanafyatua mpaka saa nane. Zile za mchana ndizo zinazomomonyoka. Panga tofali kivulini, funika kwa nailoni, mwagilia siku saba, na usijenge nazo kabla ya wiki mbili; nne ni bora zaidi.

Kwa hesabu: mita moja ya mraba ya ukuta inakula tofali 33. Ukuta wa jumla ya mita 24 kwa kimo cha 2.5 ni mita za mraba 60. Toa 8 za milango na madirisha, zinabaki 52, yaani tofali kama 1,720; fyatua 1,800 kwa ajili ya zitakazovunjika. Kwa moja kwa 12, mfuko wa kilo 50 hutoa kati ya 60 na 70, kwa hiyo andaa mifuko 28 mpaka 30 kwa kuta peke yake.

Ukuta wa udongo unataka kofia pana na viatu virefu. Msingi wa mawe au zege uinuke angalau sentimita 30 juu ya ardhi, na paa litoke nje ya ukuta sentimita 60. Lenta ya zege na nondo izunguke nyumba nzima bila kukatika, kwani tupo karibu na bonde la ufa na ardhi yetu hutikisika. Ukuta wa jirani umeliwa wapi? Kama ni chini, mita moja kutoka ardhini, ni matone ya mvua yanayoruka. Kama ni kotekote, ni saruji iliyokosekana.

Usiku pale soko la Kilombero kuna watoto wanalala kwenye maboksi. Nikiwapa fedha naambiwa nawaharibu. Nifanye nini?
*Mama lishe, Kilombero, Arusha*

Mama, chakula unachowapa hakiwaharibu, endelea nacho. Fedha taslimu ndiyo hunyang'anywa na wakubwa usiku huo huo. Piga 116, simu ya bure ya msaada kwa mtoto, inayopokelewa nchi nzima. Eleza wanalala wapi, saa ngapi wanafika, wako wangapi na wa umri gani. Usitaje majina yao mbele ya watu. Asubuhi nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ya jiji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa halmashauri wajibu wa kumlinda mtoto aliye hatarini na kumtafuta mzazi au mlezi wake, na afisa huyo ndiye anayeandika taarifa na kupanga mahali pa muda.

Kinachokwamisha ni kuwakamata kwa msako. Watoto hutawanyika na kuhamia kona yenye giza zaidi. Mwombe afisa aje kwanza bila sare, akae kwenye benchi lako jioni wakati unagawa uji. Wewe wanakuamini, akionekana ni mgeni wako, wataongea naye.